Miaka miwili na nusu bila kunyanyua vyuma: misuli itarudi, lakini zilinde kano

Swali: Nina umri wa miaka 37, ninaishi Jinja, Uganda, na ninafanya kazi ya zamu kiwandani. Nilinyanyua vyuma kwa miaka sita, hadi nikaweza kulala kwenye benchi na kusukuma kilo 100 mara tano. Nilipohamishiwa zamu za usiku niliacha kabisa, na sasa ni miaka miwili na nusu. Nimeshuka kutoka kilo 84 hadi 75. Mikono na mapaja yamesinyaa. Mwalimu wa jimu ya mtaani kwetu anasema nimerudi darasa la kwanza, na kijana mmoja pale anataka kuniuzia sindano za kurudisha mwili. Je, misuli iliyopotea hurudi? Itachukua muda gani, nianzie wapi, na zamu zikinibana tena nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, misuli iliyopotea kwa sababu ya kuacha mazoezi hurudi, na kwa kawaida hurudi haraka kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza. Mwalimu wako amekushauri vyema ikiwa anataka uanze na uzito mdogo, ila sababu aliyokupa si sahihi. Mtu wa darasa la kwanza ana misuli dhaifu, kano dhaifu (kano ni ile kamba ngumu inayoushika msuli kwenye mfupa) na matarajio madogo, na mambo hayo matatu hukua pamoja. Wewe una misuli itakayoamka upesi, kano zitakazochelewa, na kichwa ambacho bado kinakumbuka kilo 100. Ninaowaona wakirudi mazoezini baada ya miaka kadhaa hawakwami kwa sababu misuli imegoma; wengi hukwama kwenye wiki ya sita au ya nane, wakati kifua kimeshajaa, shati limeanza kubana, na bega au kiwiko kikaanza kuuma. Ndiyo maana sehemu kubwa ya jibu langu inahusu namna ya kujizuia.

Kwanza uelewe kwa nini misuli hurudi upesi. Uzi mmoja wa msuli ni seli ndefu yenye viini vingi, tofauti na seli nyingi za mwili ambazo zina kiini kimoja tu. Unapofanya mazoezi mazito kwa muda mrefu, seli ndogo zilizo pembeni mwa uzi huo hujiunga nao na kuuongezea viini, na kila kiini husimamia utengenezaji wa protini katika eneo lake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, kundi la Kristian Gundersen, walionyesha katika panya kwamba msuli ulioongezewa kazi hupata viini vipya kabla haujanenepa, na kwamba msuli huo ukinyimwa kazi na kusinyaa, viini hivyo hubaki. Kwa binadamu jambo hilo limekuwa gumu zaidi kulithibitisha, na wanasayansi bado wanalijadili, lakini kuna ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliwafuatilia wanaume wanane ambao hawakuwa na historia ya kunyanyua vyuma: wiki saba za mazoezi, wiki saba za kuacha, kisha wiki saba za kurudi. Misuli ilikua zaidi awamu ya pili, na katika jeni kadhaa zilionekana alama za kikemia zilizoachwa na mazoezi ya kwanza, ambazo hazikufutika wakati wa mapumziko.

Mapema zaidi, mwaka 1991, ulichapishwa utafiti wa Marekani kuhusu wanawake waliofanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 20, wakaacha kwa takriban miezi saba, na wakahitaji wiki sita tu kurudisha sehemu kubwa ya walichokuwa nacho. Na mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Finland kililinganisha watu waliofanya mazoezi wiki 20 mfululizo na wengine waliofanya wiki 10, wakapumzika wiki 10, wakarudi kwa wiki nyingine 10. Mwishoni makundi hayo mawili yalikaribiana kwa nguvu na kwa ukubwa wa misuli. Mapumziko yako ni marefu kuliko ya tafiti hizi zote, kwa hiyo usitarajie muujiza wa wiki sita. Makadirio yangu, kutokana na kazi hii, ni kwamba mtu mwenye miaka sita ya msingi aliyeacha kwa muda kama wako hukaribia nguvu zake za zamani kati ya mwezi wa nne na wa sita, endapo hataumia njiani. Umbo nalo hufuatana na nguvu hizo, likichelewa kidogo. Umri wa miaka 37 si kizuizi hata kidogo.

Kabla hujagusa chuma, kuna jambo moja nataka ulihakikishe. Umepungua kilo tisa. Kama kilo hizo zilipungua taratibu baada ya kuacha mazoezi, kisha uzito ukatulia, hilo ni jambo la kutarajiwa. Lakini kama bado unaendelea kupungua huku unakula vizuri, au una kikohozi kilichozidi wiki mbili, homa za jioni, jasho jingi usiku, au kiu na haja ndogo zisizo za kawaida, nenda kwanza ukapimwe kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na sukari. Vipimo hivyo hupatikana katika vituo vya afya vya serikali, na siku hiyohiyo mwombe muuguzi akupime shinikizo la damu, kwa sababu kunyanyua uzito hupandisha shinikizo kwa muda na ni vizuri ujue unaanzia wapi. Misuli inayoliwa na ugonjwa haijengwi kwa vyuma. Hutibiwa ugonjwa kwanza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwa wiki mbili za mwanzo fanya mazoezi siku mbili tu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, na kila siku uguse mwili mzima: kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi, kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama, kusukuma dambeli juu ya kichwa, na kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Kila zoezi lifanye seti mbili, yaani raundi mbili, za marudio kumi hivi. Uzito uwe nusu ya ule wa zamani au chini yake. Kwenye benchi, kwa kuwa ulisukuma 100, anza na 40 na usipite 50. Acha kila seti ukiwa bado na nguvu za kurudia mara nne au tano. Utatoka jimu ukihisi kwamba hukufanya chochote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hapa niseme neno kuhusu namba zako. Vyuma vya jimu nyingi za mitaani kwetu vimechomelewa na mafundi, kama wale wa Katwe jijini Kampala, kutokana na gia za malori na vyuma chakavu, au ni makopo yaliyojazwa saruji yakiwa na bomba katikati. Namba iliyopakwa rangi ubavuni mara nyingi ni ya kukisia. Kama jimu unayorudia si ile ya zamani, kilo 50 za hapa huenda ni 58. Peleka vyuma hivyo kwenye mizani ya duka la nafaka, uvipime kimoja kimoja, na uandike uzito wake halisi kwa rangi. Baada ya hapo daftari lako la mazoezi litakuwa na maana, na wenzako pale watakushukuru.

Sababu ya kukuzuia hivi katika wiki mbili za kwanza ni nzito kuliko maumivu ya kawaida. Msuli uliokaa muda mrefu bila kazi umepoteza kinga yake dhidi ya michubuko ya mazoezi, hasa ile inayotokea unaposhusha uzito. Mtu akirudi siku ya kwanza na kufanya seti kumi na tano za miguu kama zamani, nyuzi za misuli zinaweza kupasuka kwa wingi na kumwaga yaliyomo ndani yake kwenye damu, na protini moja inayotoka humo huziumiza figo. Dalili zake ni misuli iliyovimba na kuuma kupita kiasi, udhaifu wa kiungo, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ukiona mkojo wa namna hiyo baada ya mazoezi, usingoje asubuhi na usidhani ni malaria tu: nenda hospitali usiku huohuo, na umweleze daktari ulichofanya jimu. Wala usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili kuendelea na mazoezi huku misuli ikiuma. Dawa hizo zinauzwa kama pipi katika maduka yetu ya dawa, na kwa figo ambazo tayari zimeelemewa ni mzigo wa pili.

Jambo hili linatuhusu sisi Waganda kwa namna ya pekee. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2014 na 2015 ulionyesha kwamba asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa walibeba jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu; yaani hawaumwi ugonjwa wenyewe lakini wamebeba jeni yake. Watu hao huishi maisha ya kawaida, na wengi hawajui hali yao. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2016 uliohusu wanajeshi weusi wa Marekani wapatao 48,000 ulionyesha kwamba wenye hali hiyo hawakufa zaidi ya wenzao, ila walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa takriban nusu, ya kupatwa na mpasuko huo wa misuli kutokana na mazoezi. Kama kwenu kuna mtoto au ndugu mwenye selimundu, pima ujijue. Ukigundua kwamba umebeba jeni hiyo, mazoezi hayajakatazwa: ongeza mzigo polepole zaidi, kunywa maji ya kutosha, na usijisukume ukiwa na homa wala mchana wa jua kali chini ya paa la mabati.

Kuanzia wiki ya tatu ongeza siku iwe tatu na seti ziwe tatu kwa kila zoezi, na uzito uongezeke kilo mbili na nusu hadi tano kwa wiki katika mazoezi makubwa, pungufu ya hapo kwa mabega. Utashangaa jinsi nguvu zinavyorudi, na mizani itakuonyesha umepanda kilo mbili au tatu kabla ya mwezi kwisha. Sehemu kubwa ya kilo hizo za mwanzo ni sukari inayohifadhiwa upya ndani ya misuli pamoja na maji yanayofuatana nayo. Misuli inaonekana imejaa, na imejaa kweli, lakini bado haijajengwa. Sehemu ya nguvu za mwanzo nayo hutoka kwenye neva zinazokumbuka namna ya kuita misuli yote ifanye kazi pamoja. Nakuambia haya ili usiyachukulie mafanikio ya mwezi wa kwanza kuwa ruhusa ya kurudia kilo 100.

Kano zako ndizo zinazostahili subira. Hupata damu kidogo kuliko msuli, na hubadilika kwa miezi, wala si kwa wiki. Kwa miaka miwili na nusu hazikuvutwa na mzigo wowote mzito, nazo hazina njia ya mkato ya kurudi kama misuli. Ni kama gari lililofungwa injini mpya huku kamba za breki zikiwa zilezile za zamani. Maumivu ya msuli husambaa, huja siku moja au mbili baada ya mazoezi, na hupungua ukijinyoosha na kutembea. Maumivu ya kano hukaa mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, karibu na kiungo: mbele ya bega, upande wa nje wa kiwiko, chini ya pia ya goti. Asubuhi panakuwa pagumu, panalainika ukishapasha mwili moto, kisha panauma zaidi jioni. Ukipata dalili hizo usiache kabisa, kwa sababu kano isiyopewa kazi haiponi vizuri. Shusha uzito mpaka maumivu yawe madogo ya kuvumilika na yawe yamekwisha kesho yake asubuhi, na ushushe chuma taratibu, kwa kuhesabu hadi tatu au nne, kwa wiki kadhaa. Kama hayapungui baada ya hapo, mtafute mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya rufaa hapo Jinja. Hata bila maumivu, napendekeza usijaribu uzito unaoweza kuunyanyua mara moja au mbili tu hadi mwezi wa nne upite.

Kuhusu chakula, kipimo kinachotajwa mara nyingi kwa anayejenga misuli ni gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Zaidi ya hapo faida huwa ndogo sana. Kwa kilo zako 75 ni gramu 120. Huhitaji makopo ya unga kutoka ng'ambo. Mayai matatu asubuhi yana gramu 18, na nusu lita ya maziwa gramu 16. Mchana, sahani ya matoke yenye vikombe viwili vidogo vya maharagwe yaliyopikwa, gramu 300 hivi, itakupa kama 25, na mchuzi wa karanga uliotokana na gramu 50 za karanga utaongeza 12. Jioni kipande cha ngege (samaki aina ya sato) cha gramu 150 kina karibu 39. Hapo umefika 110, na posho pamoja na matoke yenyewe, ingawa vina protini kidogo, vitaijaza nafasi iliyobaki. Siku ambayo samaki ni ghali, mukene (dagaa) waliokauka wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, kwa hiyo kiganja kimoja na nusu hivi si haba. Waoshe mchanga vizuri. Karanga zenye ukungu usizile hata kama muuzaji amezipunguza bei, maana sumu ya ukungu ule huharibu ini. Kosa ninaloliona kwetu ni mtu kula mlima wa wanga na vijiko viwili vya mchuzi, kisha akalaumu mazoezi.

Zamu za usiku ni tatizo halisi, na sitakudanganya kwamba utalala kwa muda wa saa nane kama mtu wa ofisini. Fanya mazoezi baada ya kuamka, kabla ya kuingia kazini, wala si asubuhi unapotoka umechoka, kwa sababu hapo ndipo chuma humponyoka mtu. Tundika pazia zito chumbani, na waombe nyumbani wakuheshimie saa zako za mchana. Wiki ambayo umelala vibaya, rudia uzito wa wiki iliyopita bila kuongeza. Pombe nyingi baada ya mazoezi hupunguza utengenezaji wa protini ya misuli, na huharibu usingizi ambao tayari ni mchache.

Sindano usikubali. Kwa kawaida kinachouzwa hivyo ni homoni ya kiume au jamaa zake, mara nyingi katika chupa ambayo haikupitia kwenye Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na huwezi kujua kilichomo wala kama sindano ni safi. Homoni inayotoka nje huyaambia makende yaache kutengeneza yake. Hupunguza mbegu, wakati mwingine kwa miezi mingi baada ya kuacha, na ikitumiwa kwa wingi hunenepesha moyo, huharibu mafuta ya damu na kupandisha shinikizo. Zaidi ya hayo, wewe ndiye mtu ambaye hana haja nayo kabisa: kile ambacho kijana yule anaahidi kukurudishia kitarudi chenyewe, na akikuchoma katika mwezi wa kwanza, sindano ndiyo itakayopewa sifa ya kazi ambayo mwili wako ungeifanya bure. Mwambie hapana kwa upole, na asikubishie.

Na zamu zikikubana tena, usiache kabisa kama ulivyofanya safari iliyopita. Kutunza misuli ni kazi ndogo sana kuliko kuijenga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kule Birmingham, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafundisha watu kwa wiki 16, kisha ukapunguza mazoezi kwa wiki 32. Vijana wa miaka 20 hadi 35 waliobakiziwa moja ya tisa tu ya kazi yao, yaani siku moja kwa wiki na seti moja kwa kila zoezi, walitunza misuli yao, ilhali wenye miaka 60 hadi 75 walihitaji zaidi ya hapo. Wewe uko karibu na vijana hao. Kwa hiyo katika miezi mibaya chagua siku moja ya mapumziko, fanya kuchuchumaa, kusukuma, na kuvuta, seti mbili kila zoezi, kwa uzito uleule uliokuwa ukitumia, kwani kinachopunguzwa ni idadi ya seti na siku, si uzito. Kazi hiyo haizidi dakika 40. Ukikosa hata jimu, jaza mchanga kwenye gunia, uuweke mgongoni, na upige pushapu na kuchuchumaa hapohapo uani kwako mpaka ratiba ifunguke.